Bobini 42 na mtungi wa maji: kesi ya Socrates jioni moja

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kibuye, Kisumu. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana watu ishirini na kitu kwenye ukumbi mdogo kule Nyalenda, kuzungumzia mambo ya kale ya Wagiriki na Warumi. Nimeulizwa mara nyingi tunafanyaje watu wasisinzie. Hatuhutubiani. Tunamshtaki upya Socrates, yule mwanafalsafa wa Athene, na tunapiga kura. Ukitaka kujaribu kwenu, hivi ndivyo tunavyofanya, na hapa ndipo tulipoharibu.

Anzia kwa jambo wanalolijua. Wengi wanaifahamu Athene kutoka Matendo ya Mitume, mlango wa 17, pale Paulo anapodhaniwa kutangaza miungu migeni. Waambie kwamba karibu miaka 450 kabla ya Paulo, mwaka 399 KK, Socrates, mzee wa miaka 70, alishtakiwa katika mji huohuo kwa kosa la kushabihiana: haitambui miungu ya mji, analeta mingine mipya, na anawapotosha vijana. Mshtaki alikuwa Meletus, nyuma yake wakiwa Anytus na Lycon. Jaji hakuwepo, wakili hakuwepo. Kila upande ulijisemea wenyewe mbele ya waamuzi wapatao 500, raia wa kawaida waliopatikana kwa kura ya bahati, na waliolipwa oboli tatu, sarafu ndogo za huko, kwa siku. Hawakwenda chumba cha pembeni kushauriana. Walisikiliza, wakapiga kura, basi.

Usiku kabla ya siku yenyewe, tengeneza saa ya maji. Wachimbaji wa mambo ya kale waliupata mtungi mmoja wa namna hiyo Athene: ulibeba lita 6.4 na kumwagika kwa dakika sita. Mimi natumia mtungi wa plastiki wa mafuta ya kupikia, nimeukata juu, naukalisha kwenye stuli, beseni chini. Tundu liwe karibu na kitako. Mara ya kwanza nililitoboa kwa msumari niliouchoma jikoni, maji yakaisha Meletus akiwa bado anasalimia wakubwa kwa wadogo. Sasa natoboa kwa sindano ya magunia, napima kwa saa ya simu, napanua kidogo kidogo. Maji yakikatika, msemaji anakaa. Hakuna "namalizia tu". Yule mwenye mdomo mrefu kikundini atakuchukia jioni hiyo, mwache.

Sasa kura, na hapa nina maneno mengi kwa sababu hapa ndipo tulipoumia. Awali tulitumia maharagwe, meupe na mekundu. Kila mtu aliona mwenzake ameshika rangi gani, na mama mmoja akapiga kura kinyume cha mwenye nyumba wake, aliyekuwa ndiye Meletus. Kodi ilipanda mwezi uliofuata. Huenda ingepanda tu, lakini mama huyo hajarudi.

Waathene wa karne ya 4 KK walikuwa wamelimaliza tatizo hilo. Kila mwamuzi alipewa visahani viwili vya shaba, kila kimoja kikiwa na ekseli fupi katikati, kama gurudumu la mchezo. Ekseli moja ina tundu, hiyo ni ya mshtaki. Nyingine imejaa, hiyo ni ya mshtakiwa. Ukishika kwa kidole gumba na cha shahada, ncha zote mbili zinafunikwa, na hata jirani yako akichungulia haoni kitu. Kimoja unatia kwenye chombo cha shaba, kinahesabiwa. Cha pili unatupa kwenye chombo cha mbao.

Nilipousoma ufafanuzi huo nilikuwa nimekaa kwenye cherehani yangu, na kitu chenyewe kilikuwa mbele yangu: bobini, kile kigurudumu cha kukunjia uzi wa chini. Duara, tundu katikati, inaenea vizuri kati ya vidole viwili. Nikaazima za mafundi wenzangu mpaka zikafika 42, za waamuzi 21. Nusu niliziba tundu kwa nta ya mshumaa. Ziwe za chuma zote au za plastiki zote, usichanganye, maana mlio wake ndani ya sufuria utamsaliti mtu. Sufuria ni ya kura halisi, ndoo ya mbao au kikapu ni cha zinazotupwa.

Meletus mpe msemaji wako bora. Ukimpa mnyonge, Socrates anaachiliwa kila mara, kwa kuwa watu wameshasikia kwamba alikuwa mwenye hekima. Na Meletus huyo mpe historia. Mwaka 404 KK Athene ilishindwa vita na Sparta, na watu thelathini wakatwaa utawala. Kwa miezi minane hivi waliua wasiopungua 1,500. Kiongozi wao mkali, Critias, alikuwa mmoja wa waliomfuata Socrates. Utawala wa wananchi uliporudi mwaka 403, kila mtu aliapa kutomshtaki mwenzake kwa yaliyopita. Kwa hiyo Critias hatajwi kwenye hati ya mashtaka, na bado ukumbi mzima unamfikiria. Sisi wa Kisumu tuliokuwa hapa mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hatuhitaji kufafanuliwa jinsi majirani wanavyosalimiana huku kila mmoja anajua. Nikilifikia hili, ukumbi hunyamaza wenyewe.

Kura ya kwanza ni ya hatia. Kwa masimulizi ya Plato, mwanafunzi wa Socrates, kura 30 tu zingehama, mzee angeachiliwa. Kura ya pili ni ya adhabu, na sharti ulisimamie: waamuzi huchagua kati ya pendekezo la mshtaki, kifo, na pendekezo la mshtakiwa. Socrates kwanza alidai alishwe bure na mji kama washindi wa Olimpiki, halafu akataja faini ya mina moja (mina ni kipimo cha fedha cha huko), halafu mina thelathini kwa dhamana ya rafiki zake. Watu wetu watataka njia ya tatu, aonywe arudi nyumbani, kama kwenye kikao cha chifu. Kataa.

Kabla ya kura hiyo ya pili, watoe nje wasioruhusiwa. Wanawake wote. Walio chini ya miaka 30. Halafu wale ambao wazazi wao wote wawili si wa Kisumu, maana tangu sheria ya Pericles, kiongozi wa Athene, ya 451 KK uraia ulihitaji baba na mama wa Athene. Tulipofanya hivyo, watu wa Siaya, Vihiga na Busia wakatoka wakicheka. Wakabaki wanaume watatu, mmoja akiwa fundi wa baiskeli aliyesinzia tangu mwanzo. Nami pia nikatoka, nikamwachia mtungi wangu. Tulisimama dirishani tukiwapigia kelele, na nje hakukuwa na aliyecheka tena. Watumwa ni wengi vilevile waliokosa sauti Athene, ila hao sikupata namna ya kuwaigiza, na nisingependa.

Wale watatu walimuua, mbili kwa moja. Warudishe watu ndani, mimina chai, waache wagombane.

Na hesabu bobini kabla mlango haujafunguliwa. Mimi nilirudi Kibuye na 40, na mwenye zile mbili bado ananiuliza.