Mwanafunzi mwenye ulemavu anapovuruga darasa: mwalimu aanzie wapi

Mwalimu anayekabiliwa na mtoto anayepiga mayowe, anayetoroka darasani au anayewauma wenzake ajiulize swali moja kabla ya kushika fimbo: kwa kitendo hiki mtoto anapata nini, au anakwepa nini? Jibu lake halipatikani kwa kukisia. Achukue daftari la kawaida, na kwa muda wa wiki mbili aandike kilichotangulia kila tukio, alichofanya mtoto na kilichofuata mara baada ya hapo, pamoja na siku na saa.

Katika shule moja ya msingi jijini Tanga nilikowahi kufundisha, mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na tabia) alikuwa akilia kwa sauti na kujificha chini ya dawati, nasi walimu tukakubaliana kwamba amedekezwa nyumbani. Daftari lilipofika ukurasa wa nne tuliona kuwa matukio mengi yaliizunguka kengele, ambayo kwetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini karibu na dirisha lake. Tuliihamishia rimu nyuma ya ofisi, tukambadilishia mtoto mahali pa kukaa, na tukabandika kwenye dawati lake picha ya kengele, ambayo mwalimu aliigusa muda mfupi kabla haijagongwa ili mtoto ajiandae. Vilio havikwisha, ila vilipungua kiasi cha somo kuendelea. Tulikuwa tumeshamchapa mara kadhaa kabla ya hapo, na hilo halifutiki.

Ugonjwa nao uchunguzwe mapema. Mtoto anayekodoa macho asiitike anapoitwa huenda ana kifafa cha kuzimika kwa sekunde chache, na anayewavuta wenzake nguo kila mara huenda hasikii, kwa hiyo hiyo ndiyo njia yake ya kuwaita. Tatizo la namna hii ni la kupelekwa hospitali, wala halihusu nidhamu.

Tukio linapotokea, mwalimu apunguze sauti na maneno, awasogeze wanafunzi wengine badala ya kumburuta mhusika, na asimfungie chumbani peke yake. Kona yenye mkeka, au kivuli nje wakati wa kaskazi ambapo darasa la bati huwa kama tanuri, inatosha kuwa mahali pa kutulia, mradi mtu mzima awepo na mahali hapo pasigeuzwe kuwa pa adhabu. Hapa walimu wengi hukosea: mtoto anayevuruga ili akwepe hesabu akitolewa nje, amekwishalipwa, na kesho atarudia. Afundishwe, akiwa ametulia, kuomba mapumziko kwa ishara au kadi, apewe anapoomba, kisha arudi kumalizia kazi iliyopunguzwa ikalingana na uwezo wake.

Kuhusu viboko, kanuni ziko wazi kuliko mazoea yetu: ni mwalimu mkuu, au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, anayeruhusiwa kuchapa, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe kitabuni. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka adhabu izingatie umri na hali ya mwili na akili ya mtoto, na haihalalishi kumwadhibu asiyeweza kuelewa kusudi la adhabu hiyo.

Mlezi asiitwe kwa mashtaka tu. Akifika, aamkiwe, apewe kiti, ndipo aulizwe: "Bibi, mjukuu wetu akianza hivi nyumbani, humtulizaje?" Mara nyingi bibi anajua jambo ambalo shule ingelitafuta muhula mzima.

Yakikubaliwa ya kufanya, yaandikwe kwenye karatasi moja: dalili za mwanzo, nani anamsogelea, nani anabaki na darasa, na mlezi anapigiwa simu wakati gani. Nakala apewe pia mwalimu wa zamu, kwa kuwa ugomvi mwingi hutokea kwenye foleni ya uji, ambako mwalimu wa elimu maalumu hayupo.