Maji ya bomba au maji yaliyosafishwa: namna ya kuchagua kwa akwariamu ya maji ya chumvi

Anayefuga samaki wa baharini nyumbani huhitaji maji yasiyo na chumvi kwa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kukorogea chumvi ili kupata maji mapya ya kubadilisha sehemu ya maji ya tangi, na ya pili ni kujazia yale yanayopungua kila siku kwa kugeuka mvuke. Wengi huuliza kama maji ya bomba yanafaa kana kwamba kazi hizo ni moja, ilhali athari zake ni tofauti, na hiyo ya kujazia, inayoonekana ndogo, ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Maji yanapogeuka mvuke, kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi, nitrati, fosfati, shaba na vingine vyote vilivyoyeyuka hubaki tangini. Chukua mfano wa tangi la lita 200 linalopoteza lita 4 kwa siku, jambo lisilo la ajabu penye joto au penye feni inayopuliza juu ya maji. Kwa siku 30, mwenye tangi atajazia lita 120. Ikiwa maji yake ya bomba yana miligramu 20 za nitrati kwa lita, atakuwa ameingiza miligramu 2,400, sawa na ongezeko la miligramu 12 kwa kila lita ya tangi, kabla hata ya kuhesabu uchafu wa samaki na mabaki ya chakula. Mwezi unaofuata hali hujirudia. Kubadilisha maji peke yake hakuwezi kupandisha nitrati ya tangi kupita kiwango kilichomo katika maji mapya unayoingiza, lakini kujazia kwa maji ya bomba hakuna ukomo wa namna hiyo, kwani kila ndoo huacha mzigo wake na kuondoka.

Kwa hiyo, ikiwa maji yaliyosafishwa ni ya shida na huwezi kupata ya kutosha kazi zote mbili, yatumie kwanza kwa kujazia. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kinyume cha huo, yaani kutunza maji mazuri kwa ajili ya kukorogea chumvi, na kwa maoni yangu ni ushauri usiopigiwa hesabu.

Jambo la pili la kupima ni viumbe unaowafuga. Maji yanayofaa kunywewa na binadamu si lazima yafae matumbawe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maji ya kunywa unaruhusu shaba hadi miligramu 2 kwa lita na nitrati hadi miligramu 50. Wafugaji wanaotibu samaki wenye vimelea hutumia dawa ya shaba kwa kiwango kinachokaribia miligramu 0.2 tu kwa lita, nao hufanya hivyo katika tangi la pembeni kwa sababu kiwango hicho huua kamba, konokono, anemoni na matumbawe. Maji yanaweza basi kuwa na shaba mara kumi ya kipimo hicho na bado yakahesabika kuwa salama kwa mnywaji. Si kwamba kila bomba lina shaba kiasi hicho, ila nyumba yenye mabomba ya shaba huweza kuwa nayo, hasa katika maji yaliyolala ndani ya bomba usiku kucha. Anayelazimika kuyatumia ayaache yatiririke dakika kadhaa kabla ya kukinga, na yale ya mwanzo ayapeleke kwenye kazi nyingine za nyumbani.

Kisha kuna dawa za kuulia vijidudu. Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa kwa muda wa siku moja yakiwa yanapulizwa hewa. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, haiondoki kwa urahisi huo, na mamlaka nyingi za maji huitumia kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hudumu njiani. Viondoa klorini vyenye sodiamu thiosulfati huvunja kloramini lakini huacha amonia, nayo amonia huwa na sumu kali zaidi katika maji ya bahari kwa kuwa pH yake iko juu, karibu 8.2. Uliza mamlaka ya maji ya kwenu wanatumia dawa gani. Wakijibu kwamba ni kloramini, tafuta kiondoa klorini kinachozuia pia amonia, na usome maelezo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa badala ya kukisia.

Kuchemsha maji hakusaidii hapa. Huua vijidudu, ambavyo si tatizo lako, na hupunguza maji huku nitrati, fosfati na metali zikibaki palepale katika ujazo mdogo zaidi. Maji ya chupa yanayouzwa kwa kunywa nayo hayategemeki, kwa kuwa mengi huongezwa madini ili yapate ladha. Maji yaliyokenekwa, yaani yaliyotokana na mvuke uliokusanywa na kupozwa, yanafaa, mradi hayakupita wala kuhifadhiwa katika vyombo vya shaba.

Chanzo cha maji safi kinachotumiwa zaidi ni mtambo wa osmosisi kinyume, ambao wauzaji wengi huuita kwa herufi mbili tu, RO, ukifuatiwa na chujio la resini. Maji hupita kwanza kwenye chujio la kuzuia mchanga na kutu, halafu kwenye kaboni inayoondoa klorini, kisha husukumwa kwenye utando ambao kwa kawaida huzuia zaidi ya asilimia 90 ya vilivyoyeyuka, na mwisho resini hunasa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zilizoponyoka. Mpangilio huo haubadilishwi ovyo: klorini huharibu utando, kwa hiyo kaboni ikichoka bila kubadilishwa utagharimika mara mbili. Mtambo huhitaji msukumo mzuri wa maji, na penye msukumo hafifu pampu ya kuongeza nguvu inahitajika. Ujue pia kwamba kwa kila lita moja ya maji safi, lita tatu au nne huweza kutoka kwenye mpira wa maji taka. Hayo si machafu kiasi cha kumwagwa, yanafaa kufulia na kuoshea sakafu.

Kabla ya kuamua, pima. Kipima TDS ni kifaa kidogo kinachochovywa kwenye kikombe na kuonyesha jumla ya vilivyoyeyuka, na maji yanayotoka kwenye resini yanapaswa kusoma sifuri. Hata hivyo, namba yake kwa maji ya bomba isomwe kwa tahadhari. Maji yanayosoma 250 huenda yamejaa kalisi na bikaboneti zisizodhuru, na yanayosoma 40 huenda yana shaba ya kutosha kuangamiza kamba wote. Kifaa hakitaji ni nini kimo, na kloramini hakiioni kabisa. Tumia vipimo vya rangi kwa nitrati, fosfati, shaba, klorini na amonia, kisha urudie katika msimu mwingine, kwani maji ya kiangazi na ya masika ya bomba lilelile yanaweza kutofautiana sana.

Uamuzi wenyewe sasa si mgumu. Tangi lenye matumbawe, anemoni au kamba lipewe maji yaliyosafishwa kwa kazi zote mbili. Tangi la samaki peke yao linaweza kuendeshwa kwa maji ya bomba yaliyotibiwa, ikiwa vipimo vimeonyesha nitrati na fosfati kidogo na hakuna shaba, ingawa hata hapo ningejazia kwa maji safi. Mtu anayefikiria kuongeza matumbawe baadaye aanze na maji safi tangu siku ya kwanza, maana mawe na mchanga hushika fosfati na kuiachilia polepole kwa miezi, na hapo kubadilisha chanzo cha maji hakuleti nafuu ya haraka.

Wakati wa kukoroga, weka maji kwanza kwenye ndoo au pipa la plastiki la kuhifadhia chakula, yapashe moto hadi karibu nyuzi 25 za selsiasi, washa pampu, kisha nyunyiza chumvi kidogo kidogo juu ya maji. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, kalisi hujishika na kabonati na kuganda kuwa unga mweupe usioyeyuka tena. Acha pampu izungushe hadi maji yawe angavu, ukifuata muda uliotajwa na mtengenezaji wa chumvi, ndipo upime kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia kiasi cha chumvi. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa takriban 1.026. Chumvi isikorogwe kamwe ndani ya tangi lenye viumbe. Anayetumia maji ya bomba yenye kalisi nyingi apime pia kalisi na alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) baada ya kukoroga, kwa sababu pakiti za chumvi hutengenezwa kwa kudhania kwamba maji hayana kitu.

Mtambo uliokaa bila kazi hutoa maji mabaya zaidi katika dakika za mwanzo, kwa kuwa chumvi hupenya utando taratibu wakati maji yamesimama, hivyo kinga hayo kando kabla hujayaelekeza kwenye resini. Resini nayo ibadilishwe mara tu kipimo kinapoanza kuondoka kwenye sifuri. Silika hushikwa na resini kwa unyonge na huponyoka mapema, tena kipima TDS huiona kwa shida, nayo hulisha mwani wa kahawia. Utando wa mwani wa kahawia ukirudi kwenye vioo vya tangi lililokwisha kukomaa, angalia resini kabla ya kulaumu taa au chakula.