Kupima E-kadherini kwenye saratani ya titi: kutoka chupa ya formoli hadi lamu (kioo cha mikroskopu)

E-kadherini ni protini inayokaa kwenye utando wa seli na kushikana na mwenzake wa seli jirani, kwa msaada wa kalsiamu. Saratani ya lobula (aina inayopewa jina la vitezi vya maziwa) huwa imeipoteza, mara nyingi kwa sababu jeni lake, CDH1, limeharibika. Ndiyo maana seli zake hupenya titi moja moja, kwa msururu kama siafu, na mara nyingi hakuna donge la kushika kwa vidole. Shida ya kipimo hiki ni kwamba unatafuta kisichokuwepo, na kipande cha titi kilichooza nacho hakionyeshi kitu.

Basi kazi inaanzia chumba cha upasuaji. Kipande kiingie kwenye formoli, dawa inayokizuia kuoza, kabla saa moja haijaisha. Titi zima likatwe vipande vya unene wa milimita 5 hadi 10, la sivyo katikati yake itaharibika formoli ikiwa bado njiani. Kutengeneza lita moja ya formoli hiyo: formoli kali ya dukani (37–40%) ml 100, maji yaliyotoneshwa ml 900, fosfeti ya sodiamu monobesiki g 4 na dibesiki kavu g 6.5. Ukiacha fosfeti, formoli huwa na asidi na kuacha chembe za rangi nyeusi-kahawia, nawe baadaye utasoma kahawia hiyohiyo, ndiyo rangi ambayo kingamwili ya kipimo huacha penye E-kadherini. Formoli iwe mara 10 ya ujazo wa kipande, kikae humo saa 6 hadi 72. Kama kipande kinaletwa Bukavu kutoka Uvira au Kalehe, mashariki ya Kongo, saa kilipotumbukizwa iandikwe juu ya chupa, si kwenye karatasi itakayobaki na dereva.

Kata bloku (kipande kikiwa ndani ya nta) kwa unene wa mikroni 3 hadi 4, uweke kwenye lamu. Kisha fungua protini zilizofungwa na formoli kwa joto, ndani ya maji yenye kemikali ya EDTA, pH 9, kabla ya kupaka kingamwili. Hapa Bukavu joto hudanganya: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Maelekezo yakidai 98, sufuria ya kawaida haitafika hata ukichochea makaa mchana kutwa. Tumia sufuria ya presha, dakika 2 hadi 3 tangu presha ijae.

Ukifika kwenye mikroskopu, usianze na uvimbe. Tafuta kwanza vifereji vizima vya maziwa kwenye lamu hiyohiyo. Visipokuwa na mzunguko wa kahawia, lamu irudiwe. Vikiwa nao na seli za saratani hazina, yaelekea ni lobula. Ukisita, ongeza kipimo cha p120, protini inayoshikamana na E-kadherini: kwenye lobula huacha utando na kujaa ndani ya seli.

Kuwepo kwa E-kadherini hakuzuii kusambaa. Saratani ya vifereji, ambayo kwa kawaida huwa nayo, huweza kuhama kwa makundi, seli zikiwa zimeshikana. Ila ikiwa ni lobula, mwandikie daktari kwenye ripoti kwamba hupenda pia utando wa tumbo, ovari na utumbo, ili ekografia isiishie kwenye ini.