Amri za sauti kwenye kompyuta ya steshenari

Kwenye steshenari ya Mwanjelwa kazi ya kompyuta hujirudia kutwa: fungua folda ya wateja, fungua Word, ita barua ya mfano, andika S.L.P. na Mbeya, chapa. Windows 11 ina Voice Access, sehemu ya kuiendesha kompyuta kwa sauti, na ndani yake unaweza kutunga amri yako ukaitamka mara moja, mikono ikiwa kwenye mashine ya fotokopi.

Kwanza bonyeza Windows+R, andika winver, kisha Enter. Utahitaji toleo la 22H2 au la baadaye, na liwe limesasishwa, maana amri za kujitungia zilikuja na masasisho ya 2024. Kompyuta ya mtumba yenye Windows 10 haina kitu hiki.

Ingia Settings, Accessibility, Speech, washa Voice access. Mara ya kwanza itapakua faili za lugha, hivyo bando liwepo. Baada ya hapo inafanya kazi bila intaneti. Kiswahili hakimo kwenye orodha. Chagua Kiingereza, na majina ya amri yawe ya Kiingereza pia. Ukiita amri "barua", kompyuta itatafuta neno la Kiingereza linalofanana na sauti hiyo, na kila mara italeta jingine.

Mkiwa tayari, sema "create voice shortcut". Andika jina la amri, mfano "customer letter", kisha ongeza vitendo kwa mfuatano: fungua faili ya barua, subiri kidogo, bandika maandishi ya anwani. Usiruke kusubiri. Word kwenye mashine ya RAM 4 GB huchelewa kufunguka, na anwani ikitangulia itabandikwa kwenye dirisha lolote lililo wazi, hata kwenye barua ya mteja mwingine. Anza na sekunde tano, punguza taratibu.

Faili ya mfano iwekee alama ya Read-only kwenye Properties. Bila hiyo, siku moja mtu atabonyeza Ctrl+S na jina la mteja litabaki ndani ya mfano wenu.

Hatua ya kuchapa mnaweza kuiweka pia: kitendo cha Ctrl+P. Ishieni hapo, Enter ibonyezwe kwa mkono. Amri ikisikika vibaya, karatasi za bure ni hasara yenu.

Jina liwe la maneno mawili au matatu. "Print" peke yake, au "letter", huchokozwa na mazungumzo ya kaunta. Nywila na PIN msiziweke kabisa kwenye maandishi ya kubandika. Mteja yeyote aliyesikia amri anaweza kuitamka.

Kinachoharibu zaidi ni kelele. Mvua ikianza kugonga bati, maikrofoni ya laptopu haisikii kitu cha maana. Tumieni hedifoni za USB. Zile za simu, zenye mistari mitatu myeusi kwenye pini, hazifai moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani yenye matundu mawili, zinahitaji kigawanyishi, yaani kiunganishi chenye pini mbili, ya sauti na ya maikrofoni. Kisha Settings, System, Sound: chini ya Input chagua hedifoni hizo, ongea, utazame mstari ukicheza. Mstari ukitulia tuli, maikrofoni iliyochaguliwa siyo.

Kaunta ikijaa, sema "voice access sleep"; ukitaka kuendelea, "voice access wake up".