Kazi za utafiti na uinjinia vyuo vikuu vya teknolojia Uholanzi, namna ya kuziomba

Wengi tukisikia PhD Ulaya akili inakimbilia ufadhili. Sasa Uholanzi PhD ni ajira. Vyuo vikuu vya Delft, Eindhoven na Twente wanatangaza nafasi kama kampuni inavyotangaza, unasaini mkataba, ajira yote kwa kawaida ni miaka 4, mshahara kila mwezi, kodi unakatwa, na kuna posho ya likizo asilimia 8 ya mshahara. Kwahiyo hauombi kusaidiwa, unaomba kazi, na barua yako iandikwe hivyo.

Kama una masta na miaka 4 unaona mingi, angalia EngD (Engineering Doctorate, udaktari wa uinjinia). Ni miaka 2, unalipwa, unasanifu kitu ambacho kampuni inakihitaji kweli. Mpaka 2022 iliitwa PDEng, ukikuta jina hilo ni kitu kilekile. Huku kwetu haisemwi vya kutosha na inawafaa sana mainjinia waliokwisha fanya kazi saiti.

Matangazo yapo kwenye tovuti za vyuo vyenyewe na AcademicTransfer, tovuti ya matangazo ya kazi za vyuo vya Uholanzi. Tafuta kwa fani yako: maji na ndege ni Delft, mambo ya chipu Eindhoven (ASML, kampuni ya mashine za kutengenezea chipu, wako jirani tu pale Veldhoven), ramani na setilaiti ni ITC, kitivo cha Twente pale Enschede, ambako wapima ardhi wetu wengi wamesoma.

Barua ndio penye kazi. Tangazo mara nyingi ni la mradi mmoja wenye supavaiza wake na orodha ya wanachotaka, chukua ile orodha jibu kimoja kimoja kwa ushahidi. Mfano mradi ni wa mafuriko na wewe tasnifu yako ilikuwa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, usiishie kusema una uzoefu, sema ulitumia modeli gani, data za mvua ulizitoa wapi, wapi zilikosekana na ukafanyaje, maana hapo ndipo anaona unaweza kufanya utafiti hata mambo yakigoma. Zile sifa za chuo chao kuwa maarufu duniani futa, wanazijua. Ukurasa mmoja na nusu unatosha, na barua moja usiitume kwa nafasi kumi, wanaijua wakiiona. Tuma kwenye mfumo wao na sio kwa imeli ya profesa, imeli iwe ya swali tu.

Marefa, yaani watu watakaokushuhudia, waombe kabla hujawaandika. Mwalimu asiyefungua imeli atakuangusha hata kama anakupenda vipi.

Usaili wa kwanza mara nyingi ni wa mtandaoni, unawasilisha tasnifu yako halafu maswali. Ukiulizwa usichokijua sema hukijui kisha eleza ungeanzia wapi kukitafuta. Na ujue ukishaajiriwa wa PhD, karibu na mwisho wa mwaka wa kwanza kuna tathmini ya kuendelea au kuishia hapo, ni ya kweli kabisa, uliza mapema wanapima nini.

Kibali cha kuishi chuo ndio kinakuombea uhamiaji wa kule. Kuomba kazi hulipii chochote, mtu akikudai hela ya kukuunganishia nafasi huyo ni tapeli. Wewe hangaika na cheti cha kuzaliwa, kwa Mtanzania ni kile cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, anza kukihalalisha Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa Uholanzi mara tu ukipewa nafasi, manispaa ya kule watakidai ukienda kujiandikisha.