Namna ya Kusoma Slaidi za Protini katika Saratani ya Ukuta wa Ndani wa Mji wa Mimba

Kabla ya kuagiza kingamwili yoyote (kitu kinachonasa protini fulani kwenye tishu ili ionekane kwa rangi ya kahawia), isome kwanza slaidi ya kawaida ya hematoksilini na eosini, yaani rangi za samawati na waridi zinazoonyesha umbo la tishu. Badiliko linalotangulia saratani hutambuliwa pale tezi zinapojazana hadi eneo lake likalizidi la tishu shikizi (ile inayozishikilia tezi), seli zake zikatofautiana na za tezi jirani, na kundi lenyewe likafikia angalau milimita 1. Hakikisha pia kwamba unachokitazama si polipu, yaani kinyama kilichoota ukutani.

Mashaka yakibaki, agiza kingamwili za PTEN na PAX2, protini mbili ambazo tezi salama kwa kawaida huwa nazo. Protini hizi hutafutwa kwa kutoweka kwake, na hapo ndipo wengi huteleza. Tezi zilizopoteza PTEN hubaki samawati tupu, ilhali tishu shikizi inayozizunguka inapaswa kuwa ya kahawia. Nayo ikipauka, usiandike kwamba protini imepotea, bali rudia kazi na uulize kipande kilikaa fomalini ya asilimia 10 kwa muda gani, maana kinachotakiwa ni saa 6 hadi 72. Kwa PAX2 tishu shikizi haitakusaidia, kwa kuwa kwa kawaida haishiki rangi hiyo. Linganisha na tezi jirani zilizo salama. Tena, tezi mojamoja zisizo na PTEN hupatikana hata kwa wanawake wasio na ugonjwa, kwa hiyo upotevu huwa na uzito pale tu unapofuata mipaka ya kundi ulilolishuku tangu mwanzo.

Saratani ikithibitika, pima protini nne za kurekebisha DNA, yaani MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, ambazo hufanya kazi kwa jozi. MLH1 ikitoweka, PMS2 huifuata. MSH2 ikitoweka, MSH6 huondoka nayo. Kinyume chake si lazima, kwani PMS2 au MSH6 yaweza kupotea peke yake, na ndiyo sababu maabara yenye bajeti finyu huweza kuanza na hizo mbili. Mara nyingi MLH1 hupotea kwa sababu jeni yake imezimwa kwa methili (alama ya kemikali inayobandikwa kwenye DNA) ndani ya uvimbe wenyewe, basi lipimwe hilo kabla ya kuitia familia hofu ya ugonjwa wa Lynch, kasoro ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani. Upotevu wa aina nyingine umpeleke mgonjwa moja kwa moja kwa mshauri wa vinasaba.

P53, protini inayozuia seli kugeuka saratani, isome mwisho, kwa kuwa uvimbe wenye kasoro ya urekebishaji wa DNA huweza kuharibu p53 baadaye na bado ukahesabiwa katika aina ya saratani zenye kasoro hiyo. Viini vyenye rangi hafifu vikichanganyika na vyenye rangi nzito, hiyo ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni ile inayokoza karibu viini vyote, au inayojaa kwenye saitoplazimu, au isiyoshika kiini chochote cha uvimbe. Kwa hiyo mimi siandiki kamwe “hasi”, neno ambalo daktari wa wodini hulipokea kama habari njema. Naandika: “p53 si ya kawaida, imepotea kabisa katika seli za uvimbe, limfosaiti zilizo kando zimeshika rangi.” Limfosaiti ni seli za kinga, na rangi yake huonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi.