Kabla hujapanda Old Sarum: mambo ya kuzingatia

Mwambie mtu wa Mombasa twende tukaone ngome, naye atajiandaa kuona kuta kama za Fort Jesus. Mtu huyo akipelekwa Old Sarum bila kuelezwa lolote atavunjika moyo. Iko kilomita kama 3 kaskazini mwa katikati ya Salisbury, kusini mwa Uingereza, pale nyumba za mji zinapoishia, na sehemu kubwa ya utakachokiona ni udongo: matuta na mahandaki yaliyochimbwa kuzunguka kichwa cha kilima yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, sasa yameota majani. Wapo wanaoshuka kwenye basi, wakapiga picha mbili, wakaulizana "ndiyo hii tu?" na kurudi kituoni. Kwa hiyo maandalizi ya maana kuliko yote hufanyika nyumbani, ukiwa umekaa, kabla hata ya kufungasha begi.

Weka picha hii kichwani: sinia kubwa, na katikati yake bakuli limefunikwa. Sinia ni boma la Zama za Chuma, eneo la hekta kama 12 lililozungushiwa tuta na handaki. Bakuli ni kilima cha ngome ya Wanormani. Hao walivuka bahari kutoka Ufaransa mwaka 1066, wakakuta kazi ngumu imeshafanywa na watu waliokufa zamani, nao wakaongeza ngome yao katikati na kuichimbia handaki lake. Mwaka 1070 mfalme wao, William Mshindi, aliwalipa askari wake hapa na kuwaruhusu waende zao. Mwaka 1086 akawaita hapahapa wenye ardhi wakubwa wa nchi nzima wamlie kiapo cha utii. Ukishalijua hilo, ukisimama juu ya tuta la nje utaona uwanja wa kutosha kukusanya umati wa namna hiyo, wala si malisho ya kondoo tu.

Upande wa kaskazini-magharibi wa sinia ulisimama mji mdogo wa makasisi na kanisa kuu. Kanisa liliwekwa wakfu mwaka 1092, na siku 5 baadaye dhoruba ikalibomoa sehemu. Likajengwa tena, likapanuliwa na Askofu Roger, lakini malalamiko hayakwisha: maji ya shida, askari wa ngome hawapatani na watu wa kanisa, na upepo unavuma hadi makasisi hawasikilizani wakiimba ibada. Papa Honorius III akawapa ruhusa ya kuhama, na mwaka 1220 wakaanza kujenga kanisa kuu jipya kule bondeni, Salisbury, hilohilo ambalo mnara wake wa mita 123 unauona ukiwa juu kilimani. Ramani ya lile la kwanza imechorwa chini kwenye majani kwa mistari ya mawe, nawe unaweza kutembea ndani yake kutoka mlangoni hadi madhabahuni bila kuinama popote.

Nimeutaja upepo huo makusudi, maana bado upo. Umewahi kuhamisha kanisa zima, hautashindwa na sweta lako. Hata Julai, siku ambayo mjini watu wamevaa fulana, beba koti lisilopitisha upepo. Mwamvuli uache, utageuka ndani nje kabla hujafika kwenye daraja la kuingilia ngome. Wenye kuvaa mtandio wabebe pini za ziada. Kivuli nacho ni cha kutafuta, kwa hiyo siku ya jua upepo hukudanganya kwamba huungui, kumbe unaungua. Beba maji na kitu cha kula.

Viatu ni suala jingine linalodharauliwa. Kilima chote ni cha chaki. Mahali ambapo majani yameisha kwa kukanyagwa utaiona: nyeupe, na ndani yake vipande vyeusi vya gumegume, jiwe gumu lenye kingo kali. Ikiwa kavu haina neno. Ikinyeshewa hugeuka uji mweupe unaoganda kwenye soli, na kwenye mteremko wa handaki unateleza ukiwa umesimama. Viatu vya michezo vya soli laini havifai hapo. Tafuta vyenye meno. Pia pita njia zilizokwisha kukanyagwa badala ya kupanda tuta wima kama mbuzi. Tuta lililodumu zaidi ya miaka 2,000 linaharibiwa haraka na visigino vya watu wanaotafuta njia ya mkato.

Majani marefu ya kusini mwa Uingereza yana kupe, na kupe wa huko wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu, na ukirudi jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani. Watoto wakague kichwani pia. Ukimkuta mdudu, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu. Wekundu ukianza kutanuka kama pete siku au wiki baadaye, nenda kwa daktari na umwambie ulikuwa wapi.

Kuhusu malipo: sehemu ya nje, yaani sinia, ni ya bure mchana, na wenyeji huitumia kutembeza mbwa. Sehemu ya ndani inasimamiwa na English Heritage, shirika linalotunza maeneo ya kihistoria. Unavuka daraja la mbao na kukata tiketi. Saa za kufungua hubadilika kwa msimu, hivyo angalia tovuti yao asubuhi ya siku hiyohiyo, usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka jana. Na hesabu mwanga. Desemba jua huzama yapata saa kumi jioni, Juni linakungoja hadi baada ya saa tatu usiku.

Je, tiketi inastahili? Kwangu ndiyo, ila ukiwa na muda wa zaidi ya nusu saa. Ndani utakuta kisima, misingi ya kasri la Askofu Roger, na mashimo ya vyoo ambayo watoto watayakumbuka kuliko habari zote za wafalme. Kuta chache zilizobaki zitakushangaza kwa ubaya wake: lundo la gumegume na chokaa, bila sura. Huo ni utumbo wa ukuta tu. Mawe mazuri yaliyochongwa ya nje yalibanduliwa na kubebwa.

Yalikwenda wapi? Mengi ya kanisa la zamani yamo mjini. Mwaka 1331 Mfalme Edward III aliruhusu mawe yake yatumike kujengea ukuta unaozunguka eneo la kanisa kuu jipya, na hadi leo ukiukagua utayaona mawe yenye nakshi yamepachikwa kati ya mawe ya kawaida, mengine nakshi yake imekatwa katikati. Kwa hiyo panga safari yako kilima kwanza, mji baadaye. Anayeanza na mji hupita karibu na ukuta huo bila kugeuza shingo.

Jipange pia kusikia habari za bunge, maana kila bango litakutajia. Watu walipohamia bondeni, kilima kilibaki karibu kitupu, lakini kikaendelea kupeleka wabunge 2 London hadi sheria ya marekebisho ya bunge ya mwaka 1832. Aliyemiliki ardhi ndiye aliyechagua mbunge. William Pitt mkubwa, aliyekuja kuwa waziri mkuu, aliingia bungeni kwa kiti hiki mwaka 1735. Ardhi ilikuwa ya familia yake. Anayelalamikia uchaguzi wa kwao atapata faraja kidogo hapa.

Usafiri hausumbui. Treni kutoka London Waterloo huchukua kama saa moja na nusu hadi Salisbury. Kuna basi la watalii wa Stonehenge linalosimama Old Sarum, na mabasi ya kawaida ya barabara ya Castle Road. Mwenye miguu mizuri na apite njia ya kando ya mto Avon hadi kijiji cha Stratford-sub-Castle, kisha apande kutoka upande wa chini. Njia hiyo ndiyo inayokuonyesha kwa nini watu wa kale walikichagua kilima hiki, jambo ambalo dirisha la basi halikuonyeshi.

Ukiwa na watoto, fahamu kuwa kingo nyingi za mahandaki hazina uzio, na mtelemko ni mrefu. Mwenye kiti cha magurudumu atahitaji msukumaji mwenye nguvu hata kwenye majani ya nje, na ndani ardhi ni ya kupanda na kushuka.

Kifaa cha kutafutia vyuma ardhini kiache nyumbani. Eneo hili linalindwa na sheria ya mwaka 1979 ya maeneo ya kale. Kukitumia bila kibali ni kosa, na kuchimba ni kosa zaidi. Droni vilevile, usirushe bila ruhusa ya English Heritage.

Ukishuka mjini, milango ya eneo la kanisa kuu hufungwa saa tano usiku, kwa hiyo muda unao. Lakini kanisa lenyewe hufungwa mapema zaidi, na humo ndimo ilimo nakala mojawapo kati ya 4 zilizobaki za Magna Carta ya 1215, hati ya kale iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Kama unaitaka hiyo pia, uwe umeondoka kilimani mapema mchana.